Ruta ya 5G inaifaa nyumba, haiufai mtaa

Tangu Vodacom Tanzania izindue 5G Septemba 2022, na Safaricom ianze kuuza intaneti ya nyumbani ya 5G Oktoba mwaka huo huo, ujumbe unaosikika mijini ni mmoja: achana na waya, tia laini kwenye ruta, chomeka kwenye umeme, mambo yaende. Dar es Salaam na Nairobi kuna familia nyingi zilizokata huduma ya waya iliyokuwa ikisuasua na kuhamia mnarani. Wengi wao wamepiga hesabu yao vizuri na sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni hitimisho linalotolewa kutokana na uhamiaji huo, kwamba kumbe faiba ya majumbani ni anasa, kwamba Afrika Mashariki inaweza kuruka waya moja kwa moja na kuishi kwa mawimbi tu. Msimamo wangu ni huu: data ya simu inaweza kuwa mbadala mzuri wa intaneti ya waya kwa nyumba hii au ile, lakini haiwezi kuwa mbadala kwa mtaa mzima. Na tukilazimisha iwe hivyo, watakaoumia kwanza ni wale ambao hawana kitu kingine zaidi ya simu.

Tuanze na kinachoifanya intaneti ya nyumbani isuesue, maana sababu ni tofauti na dawa zake ni tofauti. Kuna waya wa shaba wa simu ya mezani, ule wa ADSL, ambao hupoteza kasi kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu. Hata toleo lake bora, ADSL2+, hufika megabiti 24 kwa sekunde kwa aliye jirani kabisa na kituo. Ukiwa kilomita 5 utabaki na megabiti moja au mbili, na mvua ikinyesha hata hizo zinaweza kupotea. Hapo hakuna ruta wala fundi atakayekuokoa. Mwenye waya wa namna hiyo, kama ana mnara wa 4G karibu, ahame leo. Kuna pia faiba ambayo yenyewe ni nzima ila kampuni imeuza kuliko uwezo wake, hivyo asubuhi inapaa na usiku inatambaa. Na kuna sababu ya tatu ambayo watu huisahau: waifai ya ndani ya nyumba. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna njia tatu tu zisizogongana, namba 1, 6 na 11. Katika jengo la ghorofa lenye ruta thelathini, zote zinagombania njia hizo hizo, na juu yake kuna kuta za tofali na zege. Mtu analaumu kampuni, anakata faiba ya megabiti 20, kumbe angechomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta angeziona megabiti zake 20 zikiwa salama.

Kosa hilo hilo huhamia na watu kwenye data ya simu. Nyumbani kwangu ruta ya 4G iliwahi kukaa nyuma ya televisheni kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi. Ukurasa wake wa mipangilio ulionyesha nguvu ya mawimbi kuwa -112. Kadiri namba hiyo inavyosogea kuelekea sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa imara. Nilipoipandisha juu ya kabati, karibu na dirisha linalotazama mnara, ikasoma -91. Kwa hesabu za desibeli hiyo ni tofauti ya nguvu ya zaidi ya mara mia, na imetokana na mita chache na waya wa umeme wa kuongezea. Kwa 5G jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu masafa yake makubwa, yale ya karibu 3.5 GHz, hupenya ukuta kwa shida kuliko masafa ya chini kama 700 au 800 MHz. Kwa hiyo mtu asiniambie data ya simu ni mbaya kabla hajaihamisha ruta yake, kama ambavyo asiniambie faiba ni mbovu kabla hajaipima kwa waya.

Sasa tuwape haki yao wanaotetea data ya simu, maana hoja zao si za kubeza. Mpangaji anayehama kila mwaka hawezi kumlipa fundi kuvuta waya kwenye kila nyumba. Kuna maeneo ya pembezoni ambako faiba haijafika na haionekani kukaribia. Umeme ukikatika, mnara una betri na mara nyingi jenereta, hivyo simu inaendelea. Waya unakatwa na trekta la barabara au mafundi wa mabomba, na matengenezo yanaweza kuchukua siku kadhaa huku mteja akiambiwa asubiri. Nairobi kuna kero nyingine inayojulikana: mwenye jengo anapatana na kampuni moja ya intaneti, nyingine zote zinazuiwa kuingia, na mpangaji hana pa kukimbilia. Kwa mtu wa namna hiyo ruta ya 5G ni uhuru. Ushindani nao umesaidia. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, ilipoingia Kenya Julai 2023, na 5G ikasambaa, kampuni za waya zililazimika kujipanga. Septemba 2024 Safaricom ilipandisha kasi ya kifurushi chake cha chini cha faiba kutoka megabiti 10 hadi 15 kwa bei ile ile ya Sh2,999 za Kenya. Bila mawimbi kuutisha waya, sidhani kama mteja angeona ongezeko hilo.

Baadhi ya hoja hizo, hata hivyo, hupungua uzito ukizichungulia. Ile ya umeme, kwa mfano. Katika faiba ya mfumo wa GPON, ambamo uzi mmoja hugawanywa kwa nyumba nyingi na unaotumika sana majumbani, hakuna kifaa chochote kinachohitaji umeme kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako. Mwanga unagawanywa kwa vioo tu. Kisanduku cha faiba na ruta vikipata betri ndogo ya volti 12, ya aina inayouzwa madukani kwa ajili hiyo hasa, intaneti inaendelea kufanya kazi mtaa ukiwa gizani. Na wanaosema data ya simu ni bima dhidi ya waya kukatika wakumbuke tarehe 12 Mei 2024. Mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku hiyo mwenye faiba na mwenye bando walikaa kwenye giza moja, kwa sababu mnara nao unalishwa na mkongo. Laini ya simu hukusaidia pale waya wa mtaani kwako unapokatwa. Zaidi ya hapo hakuna bima.

Hoja inayotawala mazungumzo, lakini, ni ya kipimo cha kasi. Mtu anapima simu yake, anaona megabiti 80, anapima faiba ya nyumbani, anaona 10, anatangaza mshindi. Kipimo hicho hakijakosea, ila kimejibu swali lisilokuwa lake. Chukua ruta ya simu yenye megabiti 50 kwa sekunde na bando la GB 100. Ukiitumia kwa kasi hiyo uliyoahidiwa, bando linakwisha ndani ya saa nne na nusu. Chukua laini ya waya ya megabiti 5, ya polepole kabisa, isiyo na kikomo. Ikifanya kazi usiku na mchana kwa mwezi mmoja, inaweza kupitisha GB 1,620. Netflix wenyewe wanaeleza kuwa picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na kwamba megabiti 5 zinatosha kuionyesha. Kwa hiyo familia inayotazama saa mbili kila jioni inaweza kumaliza GB 100 siku ya kumi na saba, bila kuhesabu simu za watoto wala masasisho ya kompyuta yanayojishusha yenyewe usiku. Nyumba hainunui kasi peke yake, inanunua pia ujazo, na ujazo ndio ambao data ya simu huuza kwa kipimo. Vifurushi vinavyoitwa vya bila kikomo navyo visomwe hadi mwisho: mara nyingi kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikivuka kasi inashushwa hadi mwezi ugeuke.

Kupandisha, yaani kutuma data kutoka kwako kwenda mtandaoni, ndiko kunakoonyesha udhaifu mwingine. Simu ya mkononi hurusha mawimbi kwa nguvu ya wati 0.2 hivi, na ruta nyingi za 4G ni hivyo hivyo, wakati mnara unatumia makumi ya wati. Zaidi ya hapo, kwenye masafa mengi ya 5G muda wa mawasiliano hugawanywa kwa upendeleo wa kushusha. Ndiyo maana mtu anaona filamu ikicheza vizuri lakini kwenye kikao cha video wenzake wanamwona ameganda mdomo wazi. Anayefundisha kwa njia ya video, anayetuma picha kubwa kwa wateja au mwenye kamera za ulinzi atalihisi hili mapema. Huyo wa kamera atakutana na jambo jingine pia: mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo kuifikia kamera yako moja kwa moja ukiwa safarini kunakuwa na mlolongo.

Niseme sasa juu ya hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa na wazungumzaji wa majukwaani: kwamba tuliruka simu ya mezani tukaingia moja kwa moja kwenye simu ya mkononi, basi tutaruka na faiba. Inapendeza kwa sababu nusu yake ya kwanza ni kweli na inatupa heshima. Lakini tulichokiruka wakati ule kilikuwa ni sauti. Mazungumzo ya simu, kwa ubora wake wa kawaida, huhitaji kilobiti 12.2 kwa sekunde. Picha ya HD inahitaji megabiti 5, yaani zaidi ya mara mia nne. Na mtu hupiga simu dakika tatu akakata. Filamu hukaa hewani saa mbili. Mnara uliotosha kuhudumia kata nzima ikiongea hauwezi kuihudumia kata hiyo hiyo ikitazama. Upande mmoja wa mnara wa 4G, wenye masafa ya upana wa 20 MHz na antena mbili, hufikia megabiti 150 hivi kwa sekunde hali ikiwa kamilifu, na hali haiwi kamilifu kamwe. Nyumba thelathini zikitazama HD kwa wakati mmoja zimeumaliza. Thelathini ni majengo mawili matatu ya Sinza, Dar es Salaam. 5G ina uwezo mkubwa zaidi, ni kweli, ila nayo ni uwezo wa kugawana, na sehemu ya utamu wake wa leo unatokana na uchache wa waliopanda.

Wapo watakaojibu kwamba faiba nayo inagawanywa, na wana haki. Asiwepo wa kudanganya kwamba waya ni wa mtu mmoja. Mkondo wa GPON una gigabiti 2.488 za kushusha, na hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Piga hesabu: nyumba zote 32 zikiwasha kwa pamoja kila moja inabaki na megabiti 77, na zikiwa 64, megabiti 38. Huo ndio usiku mbaya kabisa wa faiba iliyojengwa sawasawa. Zaidi ya yote, kampuni ikizidiwa inaweza kuwasha uzi mwingine ndani ya waya ule ule uliokwisha kufukiwa. Masafa hayaongezwi hivyo. Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipiga mnada masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz na kukusanya karibu dola milioni 187. Fedha hizo zilitolewa kwa sababu kinachouzwa ni kichache na hakuna kiwanda cha kukitengeneza. Mwenye minara anaweza kujenga minara mingi iliyokaribiana zaidi, na atafanya hivyo, ila mnara mpya wa maana mara nyingi unahitaji kufikiwa na faiba. Anayetaka kuukimbia waya mwisho wake anauhitaji waya hadi nguzo ya jirani.

Kwamba hewa hujaa, hatuna haja ya kubashiri. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kama Kiambu, Machakos na Kajiado kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umefikiwa, na iliwachukua hadi Juni 2025 kufungua tena. Hiyo ni setilaiti, lakini kanuni ni moja: mkondo mmoja wa angani, watu wengi chini yake. Marekani, kampuni ya simu ya T-Mobile ilianza kuuza intaneti ya nyumbani ya 5G kwa wingi mwaka 2021, na imefanikiwa sana, ila watu hawasimulii namna ilivyofanikiwa. Kampuni huangalia anwani ya mteja kwanza. Kama mnara wa hapo hauna uwezo wa ziada, haimuuzii. Tena masharti yake yanasema wazi kuwa wakati wa msongamano, mteja wa nyumbani hupunguziwa kasi kabla ya mteja wa simu. Yaani waliofanya biashara hii ikafana wamekiri wenyewe kwamba ni biashara ya mabaki, na wamemlinda mwenye simu.

Huyo mwenye simu ndiye anayenishughulisha. Tanzania, idadi kubwa kabisa ya watumiaji wa intaneti wanaipata kwa simu. Walio na waya nyumbani ni wachache mno. Mama lishe anayepokea oda za kesho kwa WhatsApp, bodaboda anayesubiri wateja kwenye programu, mwanafunzi wa kidato cha nne anayetafuta maswali ya mitihani iliyopita kwa bando la siku, hawa wote wanategemea ule upande mmoja wa mnara. Saa mbili usiku, pale ghorofa la jirani linapowasha televisheni zake nne kupitia ruta za laini, wao ndio wanaoona kiduara kikizunguka. Wamelipa kwa kila megabaiti, na kwa hesabu ya megabaiti moja moja bando la siku ni ghali kuliko kifurushi cha mwezi cha nyumbani. Kwa maneno mengine, mwenye uwezo wa kupata waya akihamia mnarani anakaa kwenye kiti cha asiye na uwezo huo, na anakaa kwa bei nafuu zaidi. Simlaumu kwa hilo, hakuna aliyemwambia. Nawalaumu wanaouza ruta bila kuangalia mnara umebeba nini, na wanaopanga sera kana kwamba hewa haina mwisho.

TCRA na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa takwimu kila robo mwaka, na ni kazi nzuri, lakini idadi ya laini na wastani wa kasi wa nchi haumsaidii mtu wa Tabata, Dar es Salaam, kujua saa mbili usiku kutakuwaje. Kasi ya jioni, kata kwa kata, ndiyo inayotakiwa itangazwe, na kampuni inayouza intaneti ya nyumbani kwa mawimbi ilazimishwe kukataa wateja pale mnara unapojaa. Wenye majengo nao wasiruhusiwe kuuza haki ya kuingia kwa kampuni moja. Na halmashauri zinapotoa kibali cha ghorofa jipya ziangalie kwenye ramani kama kuna bomba la kupitisha waya hadi kila mlango. Wakati wa ujenzi gharama yake ni ndogo, baada ya hapo ni kutoboa kuta na kugombana.

Kwa anayefikiria kukata waya mwezi huu, ningemwomba aupime kwanza kwa kuchomeka kompyuta, kisha aazime laini ya mtandao anaotaka kuhamia na kuijaribu kuanzia saa moja hadi saa nne usiku kwa siku kadhaa, si saa nne asubuhi akiwa dukani. Ajumlishe GB ambazo nyumba yake imetumia mwezi uliopita. Baada ya hapo anaweza kukuta data ya simu inamfaa, hasa akiwa peke yake au na mwenzi mmoja. Kama ni familia ya watu sita, atakuta haimfai. Na kama mtaani kwake hakuna faiba, kuna njia ambayo watu hawaitumii vya kutosha: kampuni huvuta waya kwa kuhesabu nyumba zitakazolipa kwenye barabara moja. Kila nyumba inayohamia mnarani kimya kimya inatolewa kwenye hesabu hiyo. Majirani ishirini wakiandika majina yao kwenye karatasi moja na kuipeleka kampuni mbili tatu, wanakuwa wateja ambao ofisi ya mauzo inaweza kuwapigia hesabu.